Breka ya ukutani haikutengenezewa betri

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa wa Mombasa na vitongoji vyake, kuhusu kifaa kidogo ambacho wengi wetu hukinunua mwisho kabisa, wakati pesa zimekwisha kuishia kwenye betri na inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Kifaa hicho ni kikata umeme kinachokaa baina ya betri na inveta, ambacho madukani sote twakiita breka. Nimefanya kazi ya umeme kwa zaidi ya miaka thelathini, nyingi kati ya hiyo nikiwa melini na gatini Kilindini, na sasa nimestaafu. Lakini fundi hastaafu machoni pa jamaa zake, na ndiyo sababu simu ya dada yangu ilinikuta nikiwa bado sijanawa mikono ya chakula cha usiku.

Dada anakaa Kisauni. Tangu usiku ule wa Agosti 2023, nchi nzima ilipokaa gizani kwa saa nyingi, alikuwa akiweka akiba, na mwaka jana akafungiwa inveta ya kilowati 5 na betri mbili za lithiamu za volti 51.2, kila moja ikiwa na uwezo wa ampea-saa 100. Kwa macho kazi ilikuwa safi, waya zimenyooshwa na kisanduku kimekaa sawa ukutani. Jioni hiyo stima ilikuwa imepotea, naye alikuwa na oda ya keki, kwa hiyo joko la umeme lilikuwa linawaka, birika linachemka na friji inanguruma. Aliniambia, "Kaka, hapa pananuka plastiki inayoungua, na swichi ya betri nimeishusha lakini taa hazizimi." Nikamwambia asiiguse tena, azime joko na birika kwanza, kisha abonyeze kitufe kilicho kwenye kila betri. Alifanya hivyo na nyumba ikaingia giza. Mimi nikachukua tuktuk.

Nilipofungua kisanduku nilikuta breka ya kawaida ya nyumbani, ile ya vishikio viwili vilivyounganishwa, iliyoandikwa C63 na 230/400V pamoja na alama ya wimbi, yaani ya umeme wa gridi. Fundi aliyeifunga alijua kwamba ampea 63 hazitoshi, kwa hiyo alikuwa ameunganisha pande zake mbili kwa vipande vya waya, juu na chini, ili umeme ugawanyike nusu huku na nusu huku, apate kile alichomwambia dada yangu kuwa ni ampea 126. Ubavu wa kushoto ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa iliyokolea na umevimba. Skrubu moja ilizunguka kwa ncha ya kidole bila bisibisi. Nyuzi za shaba zilizoingia kwenye skrubu hiyo zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, ule tunaoujua sisi wa karibu na bahari. Kishikio kilipanda na kushuka kilegevu kama jino la mtoto linalongoja kung'oka, na nilipoitoa breka na kuipima kwa mita, umeme ulipita ndani yake kishikio kikiwa juu na ukapita vilevile kikiwa chini. Vidole vyake vya ndani vilikuwa vimeshikana kwa moto.

Kuhusu ule ujanja wa kuunganisha pande mbili nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hauna la kutetewa. Umeme haugawanyiki kwa haki kwa sababu fundi ametaka ugawanyike. Skrubu ya upande mmoja ikilegea, kiungo cha upande huo huanza kuchemka, na upande wa pili hubebeshwa karibu mzigo wote. Pande mbili za breka, zinapotumika kwa umeme wa betri, kwa kawaida huunganishwa kwa kufuatana, mmoja baada ya mwingine, ili moto ukatwe mahali pawili. Zikiunganishwa sambamba faida hiyo inapotea.

Asubuhi yake nilikwenda mjini kutafuta breka ifaayo, na mambo niliyoyaona katika maduka manne, kuanzia Mwembe Tayari na kushuka hadi Barabara ya Digo, ndiyo yaliyonifanya niandike. Katika duka la kwanza nilimweleza kijana wa kaunta kwamba nataka breka ya betri ya volti 48, ampea 150. Akaniletea breka ya ukutani, kubwa kidogo kuliko ile iliyoungua. Nilipomwonyesha alama ya wimbi iliyochapwa usoni pake alijibu kwa adabu kabisa, "Mzee, breka ni breka. Hii inashika volti 400, hiyo betri yako ni 48 tu."

Hoja yake inasikika kuwa na akili, na nadhani ndiyo inayowadanganya mafundi wengi. Umeme wa gridi ni mkondo geu. Hapa kwetu hugeuza mwelekeo mara kwa mara, mizunguko 50 kwa sekunde, na kila unapogeuka hupita kwenye sifuri, yaani mara 100 katika sekunde moja unakuwa umezimika kwa kitambo kidogo mno. Breka inapofunguka, vidole vyake vinapoachana, moto huruka katikati yao kama ulimi. Mkondo geu ukifika kwenye sifuri, ulimi huo hukosa chakula na kufa. Breka ya ukutani imetengenezwa ikitegemea msaada huo. Umeme wa betri ni mkondo mnyoofu. Haugeuki wala haufiki kwenye sifuri, kwa hiyo ulimi wa moto ukishawaka hauna sababu ya kuzimika mpaka uvutwe, ukatwekatwe na upozwe kwa nguvu.

Anayetaka kuuona ulimi huo kwa macho na asimame mbele ya karakana yoyote ya kuchomelea mageti, akiwa amevaa miwani ya giza ya kuchomelea. Mchomeleaji hugusa chuma kwa ufito, kisha huurudisha nyuma kidogo, na moto hauzimiki bali unavutika na kuyeyusha chuma. Mashine yake, anapofanya kazi hiyo, huwa inatoa volti 20 hadi 30 na ampea mia moja hivi. Betri ya dada yangu ina volti 51 na hutoa ampea kama hizo bila kutokwa na jasho. Volti 48 ambazo kijana wa dukani alizidharau zinatosha kuchomelea geti, na tulikuwa tumeziweka ndani ya kijisanduku cha plastiki, juu ya kabati la nguo.

Sitaki nionekane natia chumvi. Zipo breka za ukutani ambazo mtengenezaji mwenyewe amezipima kwa mkondo mnyoofu na akaandika katika karatasi zake kwamba kila upande unaweza kukata volti 48, 60 au zaidi kidogo. Breka ya namna hiyo ikitumika ndani ya mipaka hiyo, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na breka isiyosema lolote kuhusu mkondo mnyoofu, na fundi anayeijazia maneno. Breka za nyumbani kwa kawaida huandikwa nambari ya kiwango cha kimataifa IEC 60898-1, ambacho ni cha mkondo geu peke yake. Breka ya betri mnunuzi aitafutie IEC 60947-2, kinachohusu mikondo yote miwili, na kando yake aone herufi DC, au mstari mnyoofu wenye vistari vifupi chini yake, pamoja na idadi ya volti.

Katika duka la pili nilipewa kile kibreka cheusi chenye kitufe chekundu ambacho hufungwa kwenye muziki wa magari. Kilikuwa kimeandikwa ampea 150 na "12V-48V DC". Herufi DC zipo, na bei ni ya kupendeza. Lakini betri inayoitwa ya volti 48 haikai kwenye 48. Ile ya lithiamu ya seli 16 husimama kwenye 51.2, na inapojaa kabisa kila seli hufika volti 3.65, jumla 58.4. Kifaa kilichoandikwa mwisho 48 kimekwisha kupitwa na betri kabla hata ya kazi kuanza. Kosa hilohilo hufanywa na fyuzi za malori zilizoandikwa volti 32, ambazo nimezikuta zimefungwa kwenye betri za nyumba zaidi ya mara moja. Fyuzi hiyo itaungua, ni kweli, lakini baada ya kuungua moto waweza kuendelea kupita ndani ya kioo au plastiki yake.

Duka la tatu ndilo lililokaribia kunikamata hata mimi. Breka ilikuwa nzuri, nyeupe, imeandikwa DC, ampea 125, na volti 1000. Muuzaji alisisitiza kwamba volti 1000 ni bora mara ishirini kuliko 51. Nilipoigeuza chini ya taa nikaona alama ndogo za kujumlisha na kutoa kando ya skrubu zake. Hii ni breka yenye upande. Ndani yake mna sumaku inayousukuma ulimi wa moto uingie kwenye vibati vya kuukatia, na sumaku hiyo husukuma upande mmoja tu kulingana na mwelekeo wa umeme. Umeme ukija kinyume, ulimi husukumwa kuelekea kwenye mitambo ya breka yenyewe badala ya vibati, na kile kilichonunuliwa kuzima moto kinageuka kuwa kuni.

Kwenye paneli za sola breka ya aina hiyo haina taabu ikifungwa sawasawa, kwa kuwa umeme wa paneli hutoka tu. Betri ni mlango wa kuingilia na kutokea. Mchana umeme wa kuchaji unaingia, usiku unatoka kwenda kwenye inveta, na waya ni zilezile. Hakuna namna ya kuifunga breka yenye upande kwenye betri ikawa sawa saa zote 24. Ukiifuatisha na umeme unaotoka, itakuwa kinyume wakati wa kuchaji. Kwa betri, kwa hiyo, inatakiwa breka isiyo na upande, na njia rahisi ya kuijua ni kwamba haina alama hizo za kujumlisha na kutoa na karatasi yake inaruhusu umeme kuingia kutoka pande zote mbili. Nilipomweleza muuzaji hayo alinyamaza, akaitazama tena breka yake, kisha akaniambia kwamba ameuza nyingi. Namshukuru kwa ukweli wake, ila usingizi wangu usiku ule ulikuwa mfupi.

Zile volti 1000 nazo zina maelezo yake. Paneli zilizofuatana huweza kufika mamia ya volti, lakini zikipigwa shoti mkondo wake hupanda kidogo tu juu ya kawaida. Betri ni kinyume chake, kwani volti zake ni chache lakini shoti yake ni ya kutisha. Breka iliyosifiwa kwa volti inaweza kuwa dhaifu kwa shoti, na hapo ndipo tunapofikia nambari ambayo katika maduka yote manne hakuna muuzaji aliyeitaja mpaka nilipouliza.

Nambari hiyo ni uwezo wa kukata, nayo huandikwa kwa kiloampea, yaani maelfu ya ampea, mara nyingi pembeni ya herufi Icu. Ampea 150 zilizo usoni pa breka ni mzigo inaoubeba siku zote. Uwezo wa kukata ni mkondo mkubwa kuliko wote inaoweza kuukatiza mara shoti inapotokea, bila kupasuka. Tupige hesabu ya makadirio kwa betri moja ya dada yangu. Seli 16 za ampea-saa 100, kila moja ikiwa na ukinzani wa karibu nusu ya sehemu moja kwa elfu ya omu, ukijumlisha na waya na viungo, zinafika kama sehemu moja kwa mia ya omu. Gawanya volti 51.2 kwa ukinzani huo na unapata ampea zaidi ya 5,000. Betri mbili zikiwa sambamba, shoti iliyo baada ya kiungo chao hulishwa na zote mbili, na hesabu inapanda hadi ampea 10,000. Seli kubwa za ampea-saa 280 zina ukinzani mdogo zaidi, kwa hiyo betri moja tu yaweza kufika huko. Breka iliyoandikwa 6000, na nyingi za ukutani zimeandikwa hivyo, tena kwa mkondo geu, haina lake hapo.

Watu huniambia kwamba betri za lithiamu zina ubao wa ulinzi ndani yake na kwamba ubao huo utakata. Mara nyingi hukata kweli. Lakini swichi zake ni za elektroniki, na swichi za namna hiyo zikiharibika huwa na tabia ya kubaki zimeshikana, yaani umeme unaendelea kupita. Ulinzi wa pili huwekwa kwa ajili ya siku ambayo wa kwanza umekwama.

Katika duka la nne, lililokuwa finyu kuliko yote, mzee mmoja alinitolea breka kubwa ya umbo la tofali, isiyo na upande, ampea 160, DC, volti zinazopita 100, uwezo wa kukata kiloampea 10, na karatasi yake ipo ndani ya boksi. Tofauti ya bei baina yake na ile ya duka la kwanza ilikuwa kama ya kilo ishirini za mchele. Niliongeza fyuzi ya daraja la T kwa kila betri, karibu kabisa na ncha yake chanya, kwa sababu fyuzi hizo hukata ampea 20,000 au zaidi za mkondo mnyoofu, nazo hutangulia kuungua pale ambapo shoti inaishinda breka. Hizo hazikupatikana mjini siku hiyo. Niliagiza na nikangoja siku tisa, na dada yangu akakaa siku tisa bila betri akinilaumu.

Kwa nini 160? Inveta ya wati 5,000 haichukui wati 5,000 kutoka kwa betri, bali zaidi, kwa kuwa nyingine hupotea njiani kama joto. Ukikadiria ufanisi wa asilimia 90, na betri ikiwa imeshuka hadi volti 48, mkondo unakuwa ampea 116 hivi. Kwa mzigo wa muda mrefu huongezwa robo, tukafika 145, na saizi za madukani zilizo juu yake ni 150 na 160. Lakini breka hulinda waya kabla ya kulinda kitu kingine chochote, na ukiweka ya 160 kwenye waya wa milimita mraba 16, waya ndio utakaokuwa fyuzi. Kwa mkondo huo mimi huanzia milimita mraba 35, na kama betri iko mbali kidogo na inveta, 50. Mwenye inveta ndogo ya kilowati 3 kwenye volti 24 asijione amesalimika, kwa kuwa hesabu hiyohiyo inampa ampea 139, zaidi ya zile za inveta ya kilowati 5.

Yako mambo ya hapa kwetu ambayo vitabu vya ugenini havina haja nayo. Breka nyingi za ukutani hupimwa kwenye nyuzijoto 30, na zile kubwa za umbo la tofali mara nyingi kwenye 40. Wakati wa kaskazi, ndani ya kisanduku kilichofungwa kando ya inveta inayofanya kazi, nyuzijoto hupita hapo, na breka huanza kukata kabla ya mzigo wake kutimia. Dawa si kuweka breka kubwa zaidi bali kukipa kisanduku pumzi. Chumvi ya bahari nayo hula shaba iliyo wazi, kwa hiyo lagi, vile vichwa vya waya vinavyoingia kwenye skrubu, ziwe zilizopakwa bati, zibanwe kwa kibanio chake halisi na si kwa nyundo, na skrubu zikazwe tena baada ya mwezi wa kwanza. Tena breka ya betri isifanywe swichi ya kuwashia na kuzimia inveta kila siku, kwa sababu kila inapowashwa, kapasita za inveta, yaani vihifadhi umeme vyake vya ndani, hunyonya umeme kwa mshindo na kuunguza vidole vyake kidogo kidogo.

Mhariri, kanuni za sola za mwaka 2012 zilimtaka fundi wa sola nchini awe na leseni ya T1, T2 au T3 kutoka kwa mamlaka ambayo leo ni EPRA, wasimamizi wa nishati na petroli, na mwenye nyumba anaweza kuomba aione kabla ukuta haujatobolewa. Dada yangu hakuomba, wala hakujua kwamba inaombwa. Mimi nawaomba wenye maduka kitu kingine, ambacho hakina gharama. Wakiuza breka ya betri, risiti iandikwe volti za DC, ampea, uwezo wa kukata, na kama ina upande au haina. Muuzaji atakayelazimika kuyaandika hayo kwa mkono wake atalazimika kwanza kuyasoma kwenye boksi. Na kwa Shirika la Viwango, ambalo bidhaa hizi hupita chini ya jicho lake kabla hazijafika rafuni, nina swali moja ambalo ningependa lijibiwe katika ukurasa huuhuu: breka zinazoingia nchini zikiwa zimeandikwa DC na ampea kubwa, lakini hazina nambari yoyote ya uwezo wa kukata, hupimwa kwa lipi?

Wako,
Fundi mstaafu,
Tudor, Mombasa